Jinsi ya Kukagua Ushahidi wa Dawa ya Sonona: Kutafuta Majaribio Ambayo Hayakuchapishwa

Chukua dawa 12 za sonona zilizoidhinishwa Marekani kati ya 1987 na 2004, kisha hesabu majaribio yake yaliyomo kwenye majarida ya kitabibu. Utapata 51, na 48 kati ya hayo yanamwachia msomaji picha kwamba dawa ilifanya kazi. Sasa fungua majalada ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) kwa dawa hizohizo. Majaribio ni 74, na yaliyofaulu kwa hukumu ya wakaguzi wa mamlaka ni 38. Ufaulu wa asilimia 94 umeshuka hadi asilimia 51. Vidonge ni vilevile. Tofauti ni kabati ulilofungua.

Hesabu hiyo ilifanywa na Erick Turner na wenzake, ikatoka katika New England Journal of Medicine Januari 2008. Turner aliwahi kuwa mkaguzi ndani ya FDA, hivyo alijua pa kutafuta. Kati ya majaribio 38 yaliyofaulu, 37 yalichapishwa. Yale 36 yaliyoshindwa au yenye utata yalikuwa na safari nyingine: 22 hayakuchapishwa kabisa, 11 yalichapishwa kwa namna inayomfanya msomaji aamini yamefaulu, na 3 tu ndiyo yaliyosemwa kama yalivyokuwa. Ndani ya yale ambayo hayakuchapishwa walikuwamo watu 3,449. Hawa walikubali kumeza kidonge wasichokijua ili wengine wajifunze kitu, na walichokitoa kikafungiwa.

Hali hii huitwa upendeleo wa uchapishaji. Sababu zake zinajulikana. Mdhamini wa jaribio ndiye mwenye takwimu, mtafiti hana hamu ya kuandika habari za kushindwa, na mhariri wa jarida anavutiwa na dawa inayoponya. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kurudia kazi ya aina ya Turner kwa dawa moja. Unamfaa mfamasia, mwanafunzi wa udaktari, mwandishi wa habari za afya, na yeyote anayetakiwa kushauri dawa gani inunuliwe. Unahitaji kompyuta, intaneti, programu ya majedwali kama Excel, na siku mbili tatu za utulivu. Hesabu zake ni za kujumlisha, kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili.

Neno moja kwa anayetumia dawa hizi sasa: usiache ghafla kwa sababu ya takwimu utakazokutana nazo humu. Kukatisha ghafla, hasa paroxetine na venlafaxine, huleta kizunguzungu, kichefuchefu, hasira za haraka na hisia kama shoti za umeme kichwani, na sonona yenyewe inaweza kurudi. Dozi hupunguzwa polepole, ukiwa na daktari wako.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kufungua chochote

Chukua karatasi uandike mambo matano: dawa ipi, ugonjwa upi, wagonjwa wa umri gani, ililinganishwa na nini, na ilipimwa kwa kipimo gani. Kwa mfano: escitalopram, sonona kali, watu wazima, dhidi ya plasebo (kidonge kisicho na dawa ndani), badiliko la alama kwenye kipimo cha MADRS kuanzia siku ya kwanza hadi mwisho wa jaribio.

Weka tarehe. Ukiandika swali baada ya kuona matokeo, utajikuta umelikata lifuate majibu, na hilo ndilo kosa lilelile unalokwenda kulitafuta kwa wengine.

Vipimo viwili vya ukali wa sonona utakavyokutana navyo kila mara ni Hamilton na MADRS. Hamilton ya maswali 17 inaishia alama 52. MADRS ina maswali 10 na inaishia 60. Katika vyote viwili alama kubwa ni hali mbaya, hivyo nafuu ni alama kushuka. Liandike hilo juu ya jedwali lako kwa herufi kubwa, maana kukosea alama ya kutoa na kujumlisha kumeharibu kazi za watu makini kabisa.

Hatua ya 2: Anza kwa mdhibiti

Wengi huanza kwa kutafuta makala, halafu wanauliza kama kuna kilichokosekana. Ukienda hivyo, hutajua ukubwa wa pengo, kwa sababu huna orodha kamili ya kulinganishia. Anza kwa mdhibiti, yaani mamlaka inayoidhinisha dawa, upate orodha ya majaribio yaliyofanyika. Makala zitafuata baadaye kujibu swali moja tu, lipi kati ya haya lilitoka.

Orodha ya FDA inaaminika kuliko nyingine kwa sababu ya namna inavyotengenezwa. Kampuni inayotaka kujaribu dawa mpya kwa watu Marekani hupeleka itifaki (mpango wa jaribio) kabla ya kuanza, ikitaja kipimo kikuu, yaani kile kitakachoamua kama jaribio limefaulu, na jinsi takwimu zitakavyochambuliwa. Ikija kuomba idhini, inapeleka takwimu zenyewe, na wakaguzi wanazipiga hesabu upya. Lakini ujue kanuni ya idhini: kwa kawaida yanatakiwa majaribio mawili yaliyofaulu. Mengine matatu yakishindwa, dawa bado inaweza kupita. Kwa hiyo neno "imeidhinishwa" halikuambii mangapi yalishindwa. Wenye kukuambia ni wakaguzi, katika ripoti zao.

Fanya hivi:

1. Ingia kwenye hifadhidata ya Drugs@FDA na uandike jina halisi la dawa, si jina la biashara.
2. Yatakuja maombi mengi. Mengi ni ya kampuni zinazonakili dawa baada ya hataza kuisha, nayo yanaanza na herufi ANDA. Yaache. Tafuta NDA, ombi la kwanza la mwenye dawa. La escitalopram ni NDA 021323. La duloxetine ni 021427.
3. Fungua historia ya idhini. Kwenye mstari wa idhini ya kwanza kabisa, bonyeza Review. Utaona orodha ya mafaili ya PDF.
4. Pakua mawili: Medical Review na Statistical Review. Kwa dawa za miaka ya karibuni unaweza kukuta faili moja kubwa lililounganisha idara zote.
5. Anza na la mtakwimu. Ni fupi zaidi, na mara nyingi lina jedwali la majaribio yote ya ufanisi karibu na mwanzo.
6. Nakili kwa kila jaribio: namba ambayo kampuni imelipa, tarehe, idadi ya wagonjwa kwa kila kundi, dozi, muda wa wiki, kipimo kikuu, matokeo, na hukumu ya mkaguzi.

Hapa ndipo watu wanapokwama. Mafaili ya zamani ni karatasi zilizopigwa picha, kwa hiyo ukitafuta neno hulipati hata kama lipo. Yapitishe kwanza kwenye programu ya kusoma maandishi, au kubali kuyasoma ukurasa kwa ukurasa. Baadhi ya mistari imefutwa kwa wino mweusi. Na kwa dawa zilizoidhinishwa kabla ya 1997, mara nyingi ripoti hazipo mtandaoni. Inabidi kuziomba kwa barua chini ya sheria ya Marekani ya uhuru wa kupata taarifa. Irving Kirsch na wenzake walipita njia hiyo ya barua kwa uchambuzi wao wa 2008 katika PLoS Medicine, ambao ulikuta tofauti ya wastani kati ya dawa na plasebo ni alama 1.8 za Hamilton, wakati kiwango ambacho taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, ilikuwa imekitumia kama mpaka wa nafuu yenye maana kwa mgonjwa kilikuwa alama 3.

Kama dawa haikuwahi kuidhinishwa Marekani, nenda kwa mamlaka ya Ulaya, EMA, ambayo hutoa ripoti ya tathmini kwa kila dawa inayopita kwake. Agomelatine ni mfano mzuri: EMA iliikataa 2006, ikaikubali 2009, na ripoti zinaeleza wakaguzi waliridhika na nini na walitilia shaka nini.

Hatua ya 3: Pita kwenye sajili

Mdhibiti ana yaliyofanyika kabla ya idhini. Yaliyofuata baadaye utayapata kwenye sajili za majaribio: ClinicalTrials.gov, iliyofunguliwa 2000. Sajili ya Ulaya. Na lango la Shirika la Afya Duniani linalokusanya sajili za nchi mbalimbali, ikiwamo ile ya Afrika nzima, PACTR, iliyoko Cape Town. Jaribio lililofanyika Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huenda likawa huko na lisiwe kwingine.

Kwenye ClinicalTrials.gov kila jaribio lina namba ya NCT yenye tarakimu nane. Angalia mambo matatu: lilikamilika lini, matokeo yamewekwa au hayajawekwa, na historia ya mabadiliko ya rekodi. Hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote, na wachache huifungua. Inakuonyesha kama kipimo kikuu kilichoandikwa mwanzoni ndicho kilichobaki mwishoni, au kilibadilishwa baada ya jaribio kufungwa.

Sajili zina mpaka wake wa wakati. Mwaka 2004 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliishitaki GlaxoSmithKline kwa kuficha majaribio ya paroxetine kwa vijana. Kesi ikamalizwa kwa dola milioni 2.5 na ahadi ya kuweka matokeo mtandaoni. Mwaka huohuo wahariri wa majarida makubwa walitangaza kwamba kuanzia 2005 hawatapokea jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kuanza. Sheria ya Marekani ya kulazimisha kuweka matokeo ilikuja 2007. Jaribio la 1992 usilitafute kwenye sajili. Litafute kwa mdhibiti.

Hatua ya 4: Sasa tafuta makala

Nenda PubMed, hifadhidata ya makala za kitabibu. Andika jina la dawa, neno placebo na neno depression, kisha chuja kwa majaribio ya nasibu, ambayo wagonjwa hugawanywa makundi kwa bahati nasibu. Ongeza Google Scholar kwa makala zilizotoka kwenye majarida madogo. Soma pia orodha za marejeo za makala za mapitio.

Hesabu nafsi ya jaribio, si idadi ya makala. Watafiti wa Sweden walipolinganisha majaribio 42 yaliyopelekwa kwa mamlaka ya dawa ya nchi yao, ya dawa tano za SSRI (jamii ya dawa za sonona ambamo paroxetine imo), na makala zilizotokana nayo, walikuta majaribio 21 yamechangia makala mbili au zaidi kila moja. Utafiti wao ulitoka katika jarida la BMJ 2003. Asiyejua hilo anahesabu mtu mmoja mara tatu kwa kuwa kavaa nguo tofauti.

Hatua ya 5: Oanisha

Weka orodha ya mdhibiti upande wa kushoto wa jedwali, makala upande wa kulia. Namba ya jaribio mara nyingi haimo kwenye makala, kwa hiyo unaoanisha kwa alama za nje: idadi ya wagonjwa kwa kila kundi, dozi, muda, idadi ya vituo, nchi, na wastani wa alama za kuanzia. Alama za kuanzia zikilingana hadi desimali ya kwanza kwenye makundi yote mawili, na dozi na muda vikalingana, una sababu nzuri ya kuamini ni jaribio moja.

Tofauti ndogo ya idadi isikutishe: mdhibiti anaweza kuwa na 152 na makala 149, kwa sababu makala imeacha waliotoka mapema. Tofauti kubwa ichunguze. Huenda makala imechukua kituo kimoja chenye matokeo mazuri kutoka jaribio la vituo vingi, au imeyachanganya majaribio mawili, moja lililoshindwa na moja lililofaulu, hadi kushindwa kukayeyuka ndani ya wastani.

Mbele ya kila jaribio andika moja kati ya haya: limechapishwa likikubaliana na mdhibiti; limechapishwa likipingana naye; limechapishwa ndani ya mchanganyiko tu; halikupatikana. Usiandike "limefichwa". Wewe unachojua ni kwamba hukulipata. Mwandikie mdhamini na mtafiti mkuu kuuliza, wape wiki nne, utunze barua.

Hatua ya 6: Linganisha kipimo kikuu

Jaribio linaweza kuchapishwa na ukweli wake ukabaki nje. Mfano wa kufundishia ni Jaribio 329 la paroxetine. Walishiriki vijana 275 wa miaka 12 hadi 18, waliogawanywa kwenye paroxetine, imipramine na plasebo kwa wiki nane. Itifaki ilitaja vipimo vikuu viwili: badiliko la alama za Hamilton, na idadi ya waliopata nafuu, yaani waliofika alama 8 au chini ya hapo au walioshuka kwa nusu au zaidi. Vyote viwili havikuonyesha tofauti kati ya paroxetine na plasebo. Makala iliyotoka 2001 ilisimama juu ya vipimo vingine ambavyo havikuwa vikuu, ikasema dawa inafaa na inavumilika vizuri. Timu huru ilizichambua takwimu zilezile upya kwa kufuata itifaki, ikachapisha BMJ 2015: dawa haikuishinda plasebo, na madhara yalikuwa mazito kuliko yalivyosemwa. Baadhi ya mawazo na vitendo vya kutaka kujiua vilikuwa vimeandikwa chini ya jina la "kuyumba kwa hisia".

Kwa hiyo soma makala ukiwa na kalamu mbili. Kwa ya kwanza zungushia kipimo kikuu kama mdhibiti anavyokitaja. Kwa ya pili zungushia kile ambacho makala inakitangaza kwenye muhtasari. Visipokuwa kitu kimoja, andika tofauti yake neno kwa neno.

Kagua pia ni wagonjwa gani waliohesabiwa. Hesabu ya uaminifu inawaweka wote waliogawanywa, hata aliyeacha dawa wiki ya pili. Wanaoacha mapema mara nyingi ni wale ambao dawa imewaumiza au haikuwasaidia. Ukiwatoa, unabaki na waliofurahi. Makala ikitangaza matokeo ya "waliokamilisha" pekee, rudi kwa mdhibiti uchukue namba ya wote.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Unatafuta ukubwa wa athari: tofauti ya nafuu kati ya dawa na plasebo, ikigawanywa kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za wagonjwa zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Faida ya kugawanya ni kwamba Hamilton na MADRS zinaweza kukaa kwenye jedwali moja.

Tuchukue dawa ya kubuni yenye majaribio matano, mkengeuko sanifu ukiwa alama 8 za Hamilton kwa yote:

A: watu 100 kwa 100, tofauti alama 4.0, athari 0.50, limechapishwa
B: watu 120 kwa 120, tofauti alama 3.2, athari 0.40, limechapishwa
C: watu 80 kwa 80, tofauti alama 3.6, athari 0.45, limechapishwa
D: watu 100 kwa 100, tofauti alama 0.8, athari 0.10, halikupatikana
E: watu 150 kwa 150, tofauti haikutajwa, p = 0.30, halikupatikana

Jaribio E lina thamani ya p tu (uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo au zaidi kwa bahati, kama dawa haina athari), jambo la kawaida kwenye ripoti za wakaguzi. Unaweza kuirudisha kuwa athari. Kwa p ya pande mbili ya 0.30, jedwali la takwimu linakupa z ya 1.04. Zidisha kwa kipeuo cha pili cha jumla ya 1/150 na 1/150, ambacho ni 0.1155. Unapata 0.12. Hakikisha kwanza ripoti inasema dawa ndiyo iliyokuwa mbele. Kama plasebo ilikuwa mbele, weka alama ya kutoa.

Uzito wa kila jaribio ni zao la idadi za makundi mawili ukigawanya kwa jumla yake. Kwa A ni 100 × 100 ÷ 200 = 50. B ni 60, C 40, D 50, E 75. Zidisha athari kwa uzito, jumlisha, gawanya kwa jumla ya uzito:

Yaliyochapishwa: (25 + 24 + 18) ÷ 150 = 0.45
Yote: (25 + 24 + 18 + 5 + 9) ÷ 275 = 0.29

Kwa alama za Hamilton, zidisha kwa 8 kabla ya kukata desimali: 3.6 dhidi ya 2.4. Majarida yamekuza dawa kwa takriban asilimia 52. Mpaka wa mashaka wa asilimia 95 ni 1.96 ukigawanya kwa kipeuo cha pili cha jumla ya uzito: kwa yote ni 0.12, kwa hiyo athari iko kati ya 0.18 na 0.41. Njia hii ya uzito ni ya mkato. Inatosha athari zikiwa ndogo na idadi zikikaribiana. Ukitaka kuchapisha, tumia programu ya takwimu kama R.

Ripoti ikisema tu "hakukuwa na tofauti" bila p, watu wengi huweka sifuri na kusonga mbele. Usifanye kimyakimya. Piga hesabu mara mbili: mara ya kwanza weka sifuri, mara ya pili weka athari ya juu kabisa ambayo bado isingevuka p ya 0.05, mpaka wa kawaida wa kusema tofauti si ya bahati tu. Kwa jaribio la 150 kwa 150 hiyo ni 1.96 × 0.1155 = 0.23. Kwenye mfano wetu jibu linakaa kati ya 0.26 na 0.32. Toa zote mbili, na useme kwamba plasebo ingeweza hata kuwa mbele kidogo.

Sasa linganisha na hali halisi. Kwa zile dawa 12, athari ya majarida ilikuwa 0.41 na ya FDA 0.31, ukuzaji wa asilimia 32. Kwa dawa mojamoja ulianzia asilimia 11 hadi 69. Reboxetine ilikuwa mbaya zaidi: taasisi ya Ujerumani IQWiG ilipobana hadi ikazipata takwimu kutoka Pfizer, ilionekana kwamba kati ya wagonjwa 4,098 wa majaribio 13, takwimu za asilimia 74 hazikuwahi kuchapishwa, na majarida yalikuwa yamekuza faida yake juu ya plasebo kwa hadi asilimia 115. Ukipata ukuzaji wa asilimia 300, kagua kwanza alama zako za kutoa.

Kuna picha maarufu yenye umbo la faneli, ambayo huchora athari dhidi ya ukubwa wa jaribio. Upande mmoja ukiwa mtupu, watu husema kuna yaliyokosekana. Itumie tu ukiwa na majaribio 10 au zaidi, na tu pale usipokuwa na orodha ya mdhibiti. Faneli inakisia, orodha inataja.

Hatua ya 8: Madhara

Rudia kuoanisha kwa madhara, ukitumia jalada la daktari mkaguzi badala ya la mtakwimu. Soma maelezo ya mgonjwa mmojammoja kwa matukio makubwa, usitosheke na majina ya makundi; Jaribio 329 limeshaonyesha jina laini linavyoweza kufunika tukio zito. Kumbuka majaribio mengi ya sonona ni ya wiki sita hadi nane, kwa hiyo dawa inayotumika miaka miwili haijapimwa humo kwa miaka miwili.

Faida ya kuwa na majaribio yote ilionekana 2004. FDA ilikusanya majaribio 24 ya watoto na vijana, zaidi ya wagonjwa 4,400, ikakuta mawazo au vitendo vya kutaka kujiua kwa asilimia 4 ya waliopewa dawa na asilimia 2 ya waliopewa plasebo. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo. Onyo la fremu nyeusi kwenye karatasi ya maelezo ya dawa lilitoka humo, wakati makala zilizochapishwa peke yake zilikuwa zinatuliza.

Kuyasoma majibu yako

Athari ya 0.30 ni ndogo, na si sifuri. Kwa kila dawa kati ya zile 12, Turner na wenzake walikuta kwa takwimu za FDA kwamba bado inaishinda plasebo majaribio yote yakijumlishwa. Uchambuzi mkubwa wa Andrea Cipriani na wenzake katika Lancet 2018, uliojumuisha majaribio 522 na watu 116,477 na kutafuta pia yasiyochapishwa, ulikuta dawa zote 21 zinaishinda plasebo, nyingine kidogo sana. Anayesema "dawa za sonona ni uongo" amevuka ushahidi, sawasawa na anayesema zinamponya kila mtu. Ukiandika ripoti yako, toa namba mbili pamoja, ya majarida na ya majaribio yote, na utaje mangapi hukuyapata.

Hali imeboreka kiasi. Turner na wenzake walirudia kazi 2022 kwa dawa nne mpya: desvenlafaxine, vilazodone, levomilnacipran na vortioxetine. Majaribio yalikuwa 30, nusu yalifaulu, na yote yaliyofaulu yalichapishwa. Kati ya 15 ambayo hayakufaulu, 7 yalisemwa kwa uwazi, 6 hayakuchapishwa na 2 yalipambwa. Uwazi umepanda hadi asilimia 47, kumaanisha zaidi ya nusu ya habari mbaya bado haifiki kwa daktari kama ilivyo.

Amitriptyline inahitaji tahadhari ya peke yake, kwa kuwa imo pamoja na fluoxetine kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwenye vituo vingi vya afya Afrika Mashariki ndiyo inayopatikana. Iliidhinishwa Marekani 1961, kabla ya sajili na kabla ya ripoti unazoweza kupakua. Katika uchambuzi wa 2018 ilishika nafasi ya juu kabisa kwa ufanisi, lakini majaribio yake mengi ni ya zamani na madogo, na hakuna orodha kamili ya kuyalinganishia. Hatua ya 2 haifanyi kazi kwake. Weka namba ya majarida, andika pembeni yake "orodha ya mdhibiti haipo", na usiiweke kwenye safu moja na dawa ambazo majaribio yake yote umeyahesabu.